Klabu ya roboti: mchezo upi unawafaa watoto wako? Ulinganisho kwa walimu na wazazi wa Dodoma

Kila mwaka shule zinapofunguliwa Januari, walimu wenzangu huniuliza swali moja. Mmoja yuko Nkuhungu, mwingine Kongwa, mwingine ameahidiwa fedha na mfadhili huko Mpwapwa, na wote wanataka kujua: "Mwalimu, tununue roboti gani?" Nami huwarudishia swali: watoto wenu watacheza mchezo gani? Hapo mazungumzo husimama kidogo, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuambiwa kwamba mashindano ya roboti ya wanafunzi ni michezo mbalimbali, na kila mmoja una uwanja wake, refa wake na namna yake ya kuhesabu alama. Netiboli na kandanda zote ni mpira, lakini hakuna anayenunua nyavu kabla ya kujua watoto wanacheza upi.

Sisi kwenye klabu yetu tulianza kwa kununua. Seti ya vipande vya kujengea roboti ilipofika tuliifungua siku hiyohiyo kwa shangwe, na wiki ya pili nikaliona kosa langu: wanafunzi 38 wamezunguka meza moja, wawili wameshika roboti, waliobaki wanatazama migongo ya wenzao. Mchezo tuliokuwa tunauandaa ulikuwa wa watu watatu. Mwaka ule niliwapoteza watoto wazuri, hasa wasichana, waliochoka kusimama nyuma. Naandika ili mwingine asiwapoteze wake.

Vipimo nitakavyotumia

Nitaipima michezo sita kwa mambo manne yaleyale, kisha niseme kila mmoja unamfaa nani.

La kwanza ni kinachotokea saa inapoanza kuhesabu. Je, roboti inajiendesha yenyewe kwa programu iliyoandikwa kabla, au mtoto ameshika rimoti? Hili huwatenga watoto kuliko jambo jingine lolote. Yupo anayeweza kukaa na mistari sita ya programu hadi magharibi akitafuta kwa nini roboti inapinda nyuzi 87 badala ya 90. Na yupo anayechangamka pale tu mikono yake inapoamua jambo papo hapo.

La pili ni unacheza na nani: unashindana na saa tu, una mpinzani uwanjani, au unapangiwa mwenzako usiyemjua. La tatu ni kinachopewa alama nje ya uwanja, kama vile daftari la kazi, maelezo mbele ya majaji au utafiti. La nne ni vifaa, nafasi na kalenda. Haya nayaweka fungu moja kwa sababu kwetu huku ndiyo yanayoua klabu, na huja pamoja.

Kalenda naomba uitazame kwa makini. Sehemu kubwa ya michezo hii imepangwa kwa mwaka wa shule unaoanza Septemba. Wetu unaanza Januari, na Novemba kuna mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne. Mchezo mzuri ulioangukia mwezi mbaya utakuachia timu isiyo na wachezaji.

FIRST LEGO League Challenge

*Saa inapoanza.* Roboti iko juu ya meza, kwenye mkeka uliochapishwa, na juu ya mkeka kuna vitu vilivyojengwa kwa matofali ya LEGO: cha kusukuma, cha kuinua, cha kubeba na kupeleka mahali. Roboti inatoka kona ya nyumbani, inafanya kazi, inarudi. Watoto wanabadilisha mkono wake upesi, inatoka tena. Inajiendesha muda wote, dakika mbili na nusu. Ikikwama katikati ya meza na mtoto akaikamata kwa mkono, refa anaondoa kimojawapo cha visahani sita vidogo ambavyo timu huanza navyo, na visahani vinavyobaki vina alama zake mwishoni. Mtoto anajifunza jambo zito hapo: kuna wakati ni heri kuiokoa roboti na kupoteza kidogo, na kuna wakati ni heri kuvumilia. Timu hucheza raundi tatu, na huhesabiwa ile iliyotoka vizuri zaidi.

*Unacheza na nani.* Na saa. Meza mbili huwekwa zikigusana, hivyo timu nyingine iko mbele yako, lakini roboti yao haiji kwako.

*Nje ya uwanja.* Hapa ndipo mchezo huu unapotofautiana na wote. Mchezo wa mezani ni robo tu ya tathmini. Robo ya pili ni usanifu wa roboti, ya tatu ni mradi wa ubunifu, ya nne ni tunu za timu, yaani jinsi watoto wanavyofanya kazi pamoja. Mradi hufuata mada ya msimu. Msimu wa 2024 hadi 2025 ulihusu bahari, na watoto wa Dodoma walilazimika kuiwaza bahari iliyo mamia ya kilomita kutoka kwao. Msimu wa 2025 hadi 2026 mada ikawa akiolojia: tafuta tatizo linalowakabili wanaakiolojia, libunie suluhisho. Mkoani kwetu tuna michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Mtoto anaweza kupanda gari hadi Kolo, akatazama rangi nyekundu iliyopauka kwenye jiwe, akamuuliza mhifadhi kinachoiharibu. Mada ikiangukia nyumbani namna hiyo, klabu inapata nguvu ambayo seti haiwezi kuinunua.

*Vifaa, nafasi na kalenda.* Unahitaji seti ya LEGO yenye mota na vihisi (vifaa vya kutambua rangi au umbali), ambayo bei yake huko inakouzwa ni zaidi ya dola 300 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru, pamoja na vitu vya mchezo vinavyobadilika kila msimu. Meza ni ya kawaida, takriban mita 2.4 kwa 1.2, seremala yeyote wa mtaani anaitengeneza. Changamoto hutangazwa Agosti, kwa hiyo msimu unavuka mwaka. Mtoto wa darasa la saba akianza Agosti, Septemba yuko kwenye mtihani na Januari yuko shule nyingine. Anza na darasa la tano na la sita, au kidato cha kwanza.

*Unamfaa nani.* Umri ni miaka 9 hadi 16 na timu inaweza kufika watoto 10. Mwalimu mwenye watoto wengi na vifaa vichache atapata kazi ya kumpa kila mtoto: wa kujenga, wa programu, wa utafiti, wa kuzungumza. Mtoto anayetaka mashine tu, asiyependa kusimama mbele ya majaji, ataona robo tatu ya mchezo inampita.

World Robot Olympiad, kundi la RoboMission

*Saa inapoanza.* Mkeka hapa pia, na roboti inajiendesha yenyewe, lakini ukali wake ni mwingine. Una dakika mbili. Roboti kabla ya kuanza haizidi sentimita 25 kila upande. Mtoto anabonyeza kitufe, anarudisha mikono, basi. Harudi kubadilisha kitu wala hana kona ya kupumzikia. Zaidi ya hapo, baadhi ya vitu uwanjani hupangwa kwa kura mwanzoni mwa raundi, hivyo programu iliyokariri njia haitoshi. Roboti lazima itazame rangi, iamue, iende. Na asubuhi ya mashindano hutolewa kanuni ya kushtukiza, kazi mpya ambayo hakuna aliyeifanyia mazoezi.

Nimekaa nje ya ukumbi asubuhi ya namna hiyo, na sitaisahau. Kocha haruhusiwi kuwasaidia. Unawaona watoto wako kwa mbali wakiinamia kompyuta, unajua kabisa wanachokosea, na huna la kufanya ila kungoja. Ninaupenda mchezo huu kwa sababu hiyo, maana kazi inayoonekana ni ya watoto wenyewe.

*Unacheza na nani.* Na saa, na kura.

*Nje ya uwanja.* Karibu hakuna. Anayetaka utafiti na maelezo aende kundi la Future Innovators la mashindano hayohayo. Na kwa wakubwa kuna Future Engineers, ambapo hujengwa gari dogo linalojiendesha.

*Vifaa, nafasi na kalenda.* Mkeka una milimita 2362 kwa 1143, na faili lake hutolewa ili watu wachapishe wenyewe. Wachapaji wa mabango mjini Dodoma wanaweza kuutoa siku moja. Sisitiza turubai lisilong'aa. Linalong'aa hurudisha mwanga, na jua letu la saa nane likipenya dirishani kihisi cha rangi kinaona nyeupe mahali penye njano. Vumbi nalo ni adui wa kweli: pepo za kuanzia Julai zikivuma, magurudumu yanateleza na pembe zote mlizopima jana zinakuwa uongo. Futeni mkeka na magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila zoezi. Kalenda inatupendelea, kwa kuwa kanuni za msimu hutoka karibu na Januari. Fainali ya dunia ndiyo huangukia Novemba mara nyingi, kwa hiyo walio kidato cha pili na cha nne wako hatarini. Kidato cha kwanza, cha tatu na cha tano wako salama.

*Unamfaa nani.* Timu ni ya watu wawili au watatu tu, kwa makundi ya umri yanayoanzia miaka 8 hadi 19. Ni mchezo wa watoto wachache wenye subira ndefu. Klabu ya watu 40 itahitaji timu kumi na kitu na seti kumi na kitu, au itarudia kosa langu.

VEX IQ

*Saa inapoanza.* Hapa kuna rimoti. Mechi ni sekunde 60, uwanja ni kama mita 1.8 kwa 2.4, na madereva ni wawili kwa kila timu: katikati ya mechi lazima mmoja amkabidhi mwenzake rimoti. Makabidhiano hayo ya sekunde chache hufundisha nidhamu kuliko hotuba zangu zote za paredi.

*Unacheza na nani.* Uwanjani kuna roboti mbili za shule mbili, na zote ziko upande mmoja. Alama wanazopata pamoja huandikwa kwa timu zote mbili. Mechi inayofuata unapangiwa mwenza mwingine. Mtoto aliyezoea kumzidi mwenzake darasani anagundua kwamba roboti mbovu ya shule ya jirani ni tatizo lake pia, anakwenda kuwasaidia kukaza gurudumu. Kwa watoto wadogo na waoga sijaona mlango mzuri kuliko huu.

*Nje ya uwanja.* Kuna daftari la usanifu na mahojiano, na kuna zoezi la timu peke yake, kuendesha kwa rimoti na pia kwa programu. Mpenda programu hakuachwa.

*Vifaa, nafasi na kalenda.* Vipande ni plastiki za kubana kwa vidole, bila skrubu. Uwanja na vitu vya mchezo huuzwa maalumu na hubadilika kila mwaka, na gharama ya kuvileta kutoka nje ndiyo inayoumiza. Mchezo mpya hutangazwa wakati wa mashindano ya dunia, karibu na mwanzo wa Mei, hivyo likizo ya Juni ni wakati mzuri wa kuanzia.

*Unamfaa nani.* Shule ya msingi na vidato vya mwanzo.

FIRST Tech Challenge na VEX V5

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu uwanjani ni ndugu.

*Saa inapoanza.* Uwanja ni mraba wa karibu mita 3.7 kila upande, na kila roboti huanza ikiwa ndani ya kipimo cha sentimita 46 hivi. FIRST Tech Challenge huanza kwa sekunde 30 za roboti kujiendesha, kisha dakika mbili za madereva. VEX V5 huanza kwa sekunde 15, kisha dakika moja na sekunde 45. Mwanafunzi wa programu anafanya kazi ya miezi kwa ajili ya sekunde hizo za mwanzo, na dereva anachukua kilichobaki.

*Unacheza na nani.* Roboti nne uwanjani, mbili nyekundu, mbili bluu. Huyu mwenzako mechi hii anaweza kuwa mpinzani wako mechi ijayo. Kuelekea hatua za mtoano, timu zilizofanya vizuri huchagua mwenza, na hapo wanaotembea kwenye vyumba vya wenzao wakiuliza "roboti yenu inaweza nini?" huvuna. Mashabiki hupiga kelele kweli. Ukitaka mkuu wa shule aelewe klabu yako inafanya nini, mwonyeshe mechi moja ya aina hii.

*Nje ya uwanja.* Majaji husoma kumbukumbu za usanifu. FIRST Tech Challenge huweka ukomo wa kurasa 15, na kufupisha mwaka mzima katika kurasa hizo ni mtihani wa uandishi. VEX hutaka daftari la usanifu lililojazwa siku kwa siku.

*Vifaa, nafasi na kalenda.* Tofauti kubwa iko hapa. VEX V5 inakubana utumie vipande vya VEX, vinavyokaa vizuri pamoja lakini vinatoka kwao tu. FIRST Tech Challenge inaruhusu malighafi nyingi: bati la aluminiamu, mbao, plastiki, vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D. Ubongo wa roboti na mota lazima viwe vile vilivyoruhusiwa, lakini mwili unaweza kutoka karakana yako. Lugha za programu nazo: FIRST Tech Challenge ni vitalu (amri za kupanga kwa kuburuta kwenye skrini) au Java, VEX V5 ni vitalu, Python au C++. Vyovyote iwavyo, ni ghali kuliko michezo mingine yote niliyoitaja, na uwanja unameza darasa zima. Msimu wa FIRST Tech Challenge hufunguliwa Septemba, mwezi ambao kidato cha nne wamefunga vitabu vyote visivyo vya mtihani. VEX V5 hutangazwa pamoja na mdogo wake, VEX IQ, karibu na Mei.

*Unamfaa nani.* FIRST Tech Challenge ni ya miaka 12 hadi 18, na timu inaweza kufika watu 15. Shule zenye mkondo wa amali na karakana inayofanya kazi zina utajiri ambao shule nyingi hazina.

RoboCupJunior, kundi la Rescue Line

*Saa inapoanza.* Roboti inajiendesha kwa muda usiozidi dakika 8, ikifuata mstari mweusi juu ya vigae vya sentimita 30 kwa 30. Mstari hukatika, hupanda mlima, hupita juu ya tuta na kukutana na kizuizi ambacho lazima kizungukwe. Kwenye njia panda kuna alama ndogo za kijani. Alama ikiwa kushoto, geuka kushoto. Zikiwa mbili, geuka urudi ulikotoka. Pasipo na alama, nenda moja kwa moja. Mwisho wa njia kuna chumba cha uokoaji chenye mipira ya fedha, ambayo ni majeruhi walio hai, na myeusi, ambayo ni waliofariki. Roboti iwatafute na kuwafikisha panapostahili. Ikikwama, hurudishwa kwenye kituo cha mwisho ilichopita na safari inaendelea.

*Unacheza na nani.* Na njia yenyewe, ambayo mpangilio wake huujui hadi siku ya mashindano. Anayetaka mpinzani atazame kundi la Soccer, roboti mbili kwa mbili zikicheza mpira.

*Nje ya uwanja.* Mahojiano na maandishi ya kiufundi, ili majaji wajue kazi ni ya wanafunzi.

*Vifaa, nafasi na kalenda.* Hufungwi na seti ya kampuni moja. Bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendeshea roboti), mota ndogo za gia na vihisi vya mwanga hupatikana kwa wauzaji wa elektroniki Kariakoo, na siku hizi kwa treni ya SGR mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Vigae ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe. Mstari ni utepe mweusi wa mafundi umeme, unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kanuni zake za msingi pia hazigeuki sana mwaka hadi mwaka, hivyo vigae vya mwaka huu ni vya mwakani. Ugumu wake ni kwamba hakuna anayekuelekeza hatua kwa hatua. Waya unalegea, betri inashuka, na mwalimu lazima awe tayari kusema "twende tukatafute sababu" mara mia. Mashindano ya dunia hufanyika katikati ya mwaka, kwa kawaida Juni au Julai.

*Unamfaa nani.* Vijana wa miaka 14 hadi 19 wanaopenda kuchomelea na kufungua vitu. Kwa mtoto wa miaka 10 ni mapema.

Ukiwa katika hali hii

Ikiwa una shule ya msingi, watoto wengi na seti moja au mbili, FIRST LEGO League itawapa wote kazi. Ikiwa watoto haohao ni wadogo na waoga, na mfadhili yuko tayari kugharamia uwanja kila mwaka, VEX IQ itawafungulia mlango kwa upole.

Una chumba cha kompyuta na wanafunzi watatu au sita wasiochoka? World Robot Olympiad, na uwachague kwa kuangalia mitihani yao ya Novemba kabla ya kuangalia vipaji.

Kwa shule ya sekondari yenye karakana, mwalimu wa ufundi na mfadhili wa kudumu, fikiria FIRST Tech Challenge. Kama una mfadhili lakini huna karakana, VEX V5 itakupunguzia kazi ya kuchonga. Mfadhili wa mwaka mmoja tu asikupeleke kwenye yoyote kati ya hizo mbili.

Huna mfadhili ila una vijana wa kidato cha tatu na pasi ya kuchomelea: Rescue Line. Omba wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma waje Jumamosi mbili kwa mwezi. Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani Area C au Kisasa anaweza kuanza hapohapo sebuleni na vigae vinne.

Katika hali zote, kabla ya kulipa shilingi moja, ulizia ni nani anayeandaa mashindano hayo nchini mwaka huo na lini.

Na kama huna chochote kwa sasa, cheza kwa miguu. Piga mistari ya utepe sakafuni, weka vizibo vya chupa vya rangi tatu, mfunge mwanafunzi mmoja kitambaa machoni awe roboti. Watatu wanaandika maelekezo kwenye karatasi: hatua nne mbele, geuka kulia, inama, okota. Mmoja anayasoma kama yalivyo, na simu inahesabu dakika mbili. Raundi inayofuata karatasi inawekwa kando, wanamwongoza kwa sauti. Tazama ni raundi ipi iliyowafanya wabaki darasani baada ya kengele ya kwenda nyumbani, kisha uanze kusoma kanuni za mchezo unaofanana nayo.